Dhamana ya Madirisha Hufa Kabla ya Kuhamia

Hotuba kwa wanachama wa chama cha kuweka na kukopa wanaojenga Uyole, Iyunga na Mbalizi, Mbeya

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, kina mama, kina baba, na ninyi vijana mnaojenga kwa mara ya kwanza: kamwene, mugonile.

Mwenyekiti amenipa mimi, fundi wa madirisha mwenye karakana, mada ya kutunza madirisha mapya na kuielewa dhamana yake. Nimeikubali kwa sababu mikopo imetoka, wengi wenu mnaingiza aluminiamu, na mvua za Novemba haziko mbali. Nitasema neno langu mapema ili hata anayewahi daladala aondoke nalo. Dhamana nyingi za madirisha hufa kabla mwenye nyumba hajahamia, na wanaoziua ni mafundi anaowaingiza mwenyewe baada ya fundi wa madirisha kuondoka.

Tunavyojenga huku mnajua. Mtu amepaua, amepiga plasta, pesa imepatikana kidogo, anaogopa wezi wa nyaya, kwa hiyo anaweka madirisha haraka nyumba ifungike. Simlaumu. Lakini ndani bado kuna skimu, dari, marumaru na rangi, na nje grili hazijachomelewa. Kila kazi katika hizo ina namna yake ya kulimaliza dirisha.

Saruji mbichi na chokaa vina ukali wa alkali. Tone la plasta likidondokea fremu likakaa siku mbili tatu, ukilibandua unakuta doa lililopauka ambalo sabuni hailiondoi, na ukichukua msasa ndiyo umemaliza kabisa. Kioo nacho hakisalimiki. Maji yanayotiririka kutoka kwenye ukuta mpya wa plasta hupita juu ya kioo, yakakauka, yakaacha michirizi kama ukungu, na ikikaa sana inakuwa imeshakula uso wa kioo chenyewe. Dawa ni maji mengi safi, palepale, kabla halijakauka. Fundi plasta awe na ndoo na kitambaa pembeni, na wewe usione haya kusimama hapo ukamwangalia.

Cha pili ni tindikali, na hiki ndicho kinachonikera kuliko vyote. Marumaru zimekwisha kupangwa, sakafu ina utando wa saruji. Anakuja kijana na dumu la asidi, anamwaga, anasugua, sakafu inang'aa, mnafurahi. Nyumba imefungwa kwa sababu hamtaki vumbi liingie. Mvuke unapanda, unatua kwenye fremu. Kwenye ule mlango mkubwa wa kusukuma unaogusa sakafu, asidi yenyewe inaingia kwenye reli na kukaa humo. Inakula aluminiamu, inakula skrubu, inakula magurudumu. Baada ya muda mlango unakwama, naitwa, naambiwa nimeuza mali feki! Kama asidi haina budi kutumika, funika reli na fremu kwa nailoni na utepe wa karatasi wenye gundi, fungua madirisha yote hewa ipite, kisha osha kwa maji mengi mara mbili. Na mjue kwamba karatasi yoyote ya dhamana nzito kidogo ina mstari unaoitaja asidi.

Cha tatu ni cheche. Kila cheche ya kuchomelea au ya grenda ni kipande cha chuma kilichoyeyuka. Ikigonga kioo inazama, ikigonga fremu inabaki hapo na baadaye inatoa kutu, mkadhani aluminiamu imeota kutu. Pitisha kiganja kwenye kioo cha nyumba ambayo grili zilichomelewa baada ya vioo kuwekwa, utasikia vipele. Havitoki. Kioo kinabadilishwa, na anayelipa ni mwenye nyumba, kwa sababu hakuna mtengenezaji aliyeahidi kulinda kioo dhidi ya mchomeleaji wako. Grili zitangulie, vioo vifuate. Kama umeshachelewa, zuia kwa bati au ubao mzima. Nailoni cheche zinaitoboa bila hata kusita.

Nailoni yenyewe, ile ya kulinda inayokuja imebandikwa kwenye fremu, nayo ina siku zake. Wapo wanaoiacha mwaka mzima ili mgeni aone kwamba dirisha ni jipya. Jua letu la huku juu ni kali hata siku ya baridi. Linaichoma gundi mpaka inang'ang'ania, nailoni inakatika vipande vidogovidogo, na mtu anaanza kuikwangua kwa wembe au kuipaka thina. Thina inalainisha rangi ya fremu. Rangi ikimaliza kupakwa ukutani, bandua siku hiyohiyo.

Silikoni sitaikalia sana. Iache kwa uchache saa 24 kabla ya kulisukuma dirisha au kulimwagia maji, na zaidi ya hapo kama ni Juni na baridi imeshika. Ile inayonuka kama siki haipendani na saruji wala na baadhi ya metali, basi muulize fundi ameleta ipi. Na fundi rangi asipake juu yake, rangi itabanduka.

Sasa tuje kwenye maji, kwa sababu hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Dirisha la kusukuma limeundwa likijua kwamba maji yataingia kwenye reli ya chini. Ndiyo, yataingia. Ndiyo maana upande wa nje, chini kabisa ya fremu, kuna vitundu vidogo vya kuyatoa. Mvua ya Tukuyu ikiambatana na upepo, reli inajaa, vitundu vinatoa, na ndani kunabaki pakavu. Vitundu vikizibwa, maji yanapanda mpaka ukingo wa ndani na kushuka kwenye plasta yako mpya. Nani anaviziba? Kwanza vumbi la Agosti mpaka Oktoba, likichanganyika na wadudu waliokufa. Pili ni fundi rangi. Tatu, na hili nimelikuta mara nyingi mno, mwenye nyumba mwenyewe ameviona, amedhani ni kasoro ya kiwandani, amechukua silikoni na kuviziba vizuri kabisa, tena kwa unadhifu wa kupendeza.

Siku ya kukabidhiwa nyumba chukua jagi la maji, mimina taratibu kwenye reli ya kila dirisha, toka nje uangalie. Yanatoka? Vizuri. Hayatoki, fundi hajamaliza kazi, hata kama ameshavua ovaroli. Jaribio hilo rudia kila mwaka kabla ya mvua. Reli isafishwe kwa brashi laini, au mswaki wa zamani, kisha maji. Usipake grisi wala mafuta ya kupikia, maana yanakusanya vumbi, yanakuwa tope, na gurudumu linasagika. Ikiwa linasukumika kwa shida hata baada ya kusafisha, silikoni ya kupuliza iliyo kavu inatosha.

Usafi wa kioo na fremu ni jambo dogo: maji kwanza, ili mchanga ulioko kwenye vumbi uondoke kabla ya kusugua, kisha kitambaa laini na sabuni ya maji kidogo, kisha suuza. Dodoki la waya, sabuni ya unga isiyoyeyuka na petroli viache kwenye shughuli zake. Usioshe jua likiwa kali. Watengenezaji wa fremu zilizopakwa rangi kiwandani mara nyingi huandika kwamba fremu ioshwe kila baada ya muda fulani, na wanaweza kuuliza kama uliosha. Andika tarehe kwenye daftari la nyumba. Najua mtacheka, lakini daftari hilo limewahi kushinda mabishano ambayo maneno matupu yasingeshinda.

Juni na Julai nitapigiwa simu sana kuhusu jasho. Mtu anaamka mtaa wa Forest hapa mjini au kule Makete, kioo kimelowa kwa ndani, maji yanashuka mpaka kizingiti, anasema dirisha linavuja. Halivuji. Hewa ya ndani ina unyevu wa pumzi, wa kupika, wa nguo zilizoanikwa sebuleni. Inagusa kioo kilichopoa na unyevu unageuka maji. Nyumba mpya ni mbaya zaidi kwa sababu plasta na zege bado vinakauka na kutoa maji kwa miezi mingi. Na zamani dirisha la mbao lilikuwa na mianya, hili jipya linabana. Fungua kidogo asubuhi na jioni, futa kizingiti, sogeza pazia zito lisilalie kioo. Dhamana haifidii jasho la ndani.

Nikiwa hapohapo kwenye baridi, mniwie radhi nitoke nje ya mada. Mnaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku ili kupata joto: madirisha haya mapya yanabana kuliko ya zamani. Moshi wa mkaa una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na mtu hulala asiamke. Jiko libaki nje. Tumeshazika watu kwa jambo hili katika mikoa hii ya baridi, na kila msimu linajirudia.

Wachache wenu mna uwezo wa kuweka kioo cha tabaka mbili, chenye hewa au gesi iliyofungiwa katikati. Kwa baridi ya Njombe na Makete si anasa, kinafaa. Lakini sikilizeni. Mliopanda mlima Kitonga mmeona pakiti ya krispi iliyonunuliwa Dar es Salaam inavyovimba ikifika Iringa. Kioo kilichofungiwa hewa usawa wa bahari kinafanya hivyohivyo. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani. Kioo kinatuna, taswira inapinda, gundi ya pembeni inavutwa muda wote, na vipande vyembamba vinaweza kupasuka. Watengenezaji wanalijua hili. Wapo wanaoweka kijibomba chembamba cha kusawazisha hewa, na wapo wanaoandika kwenye dhamana kimo ambacho hawatawajibika kikizidi. Basi kabla hujalipa, muuzaji ajue nyumba iko wapi, na hilo liandikwe kwenye ankara: Mbeya, au Njombe, au Makete. Ukungu ukitokea katikati ya vioo viwili, mahali ambapo kidole hakifiki, hapo muhuri umekufa, na hilo kwa kawaida ni dai halali kabisa.

Kioo kikipasuka, kabla ya kumfokea mtu soma ufa. Ukiona nyota yenye kitovu, kimepigwa. Ukiona ufa mmoja ulioanzia ukingoni, ukaingia kwa pembe mraba na ukingo kama umechorwa kwa rula, kisha ukapinda, hapo shuku joto. Usiku wetu ni wa baridi, asubuhi jua linawaka ghafla, na kioo cha rangi hunywa joto katikati huku kingo zilizo ndani ya fremu zikibaki na ubaridi. Ukibandika stika ya kuzuia jua umeongeza mzigo, na stika hiyo mara nyingi inaifuta dhamana ya kioo. Uliza kwanza, ubandike baadaye. Mitetemeko nayo tunaifahamu, Mbeya iko mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana. Mtikisiko wa ardhi na kutitia kwa msingi havimo kwenye dhamana za madirisha. Dirisha lililokuwa linateleza vizuri likianza kubana kona moja, angalia ukuta kabla ya kuangalia magurudumu.

Mliochagua mbao, sina maneno mengi. Mbao za paini kutoka Mafinga na Sao Hill ni nzuri zikikaushwa na kupakwa pande zote sita, yaani hata ule upande wa chini usioonekana. Mafundi wengi wanapaka panapoonekana tu. Mninga unavumilia zaidi, bei yake mnaijua.

Nakuja kwenye karatasi. Mtu anasema, "Nimepewa garantii ya miaka 10." Ya nini? Dirisha moja lina ahadi kama tatu, na mara nyingi zinatolewa na watu watatu. Kuna ya profaili, yaani vipande vya aluminiamu vinavyounda fremu, na rangi yake, inayotoka kiwandani. Kuna ya vifaa vidogo, magurudumu, loki na mpira, ambayo huwa fupi zaidi. Na kuna ya ufungaji, ambayo ni ya karakana yangu au ya jirani yangu wa Mwanjelwa. Dirisha likivuja kwenye ukingo wa ukuta, kiwanda kitasema profaili ni nzima, na kitakuwa sahihi. Hilo ni la mfungaji. Kama mfungaji hakuahidi lolote, ile miaka 10 haikusaidii chochote.

Uliza inaanza lini. Wapo wanaonunua aluminiamu bei ikiwa nzuri, wanaifungia stoo wakisubiri kupiga plasta, na siku zinahesabiwa tangu tarehe ya risiti. Uliza nani analipa usafiri na ufundi, kwa maana "tutabadilisha kioo" inaweza kumaanisha kioo kipo Dar es Salaam, kifuate. Mwenye ndugu Marekani aliyemletea madirisha yenye "dhamana ya maisha" asome vizuri: kwa kawaida ni maisha ya umiliki wa mnunuzi wa kwanza anayeishi humo, na ukiuza nyumba inapungua au inakoma. Nyingine fidia yake inashuka kila mwaka unaopita.

Sheria ipo upande wenu kuliko mnavyodhani. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba. Tatizo lake ni ushahidi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema ukimweleza muuzaji matumizi unayotaka na ukategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Ndiyo maana nasisitiza mtaje mvua, upepo na kimo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani inapokea malalamiko. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Vyote hivyo vinaanza na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ukikubali kupunguziwa bei ili usipewe risiti, umeuza dhamana yako kwa hilo punguzo.

Siku ya makabidhiano iwe na karatasi moja yenye tarehe na sahihi mbili. Unene wa kioo, aina ya profaili, rangi, nani anawajibika kwa nini na kwa muda gani. Simama kama mita 2 au 3 kutoka kwenye kioo, mchana, usilitazame jua moja kwa moja, angalia mikwaruzo. Mkwaruzo ulioandikwa siku hiyo ni wa fundi. Utakaouona mwezi ujao atasema ni wa fundi rangi, na huna cha kumjibu. Kisha bakiza sehemu ya malipo mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite, na hilo mliandike tangu mwanzo. Wenzangu wa karakana watanichukia kwa hili, lakini fundi anayejiamini atakubali.

Mwenyekiti ameruhusu maswali mawili.

Mama mwenye nyumba za kupangisha Ilomba ameuliza kuhusu wapangaji. Mama, adui yako ni fundi wa dishi. Anatafuta pa kupitisha waya wa king'amuzi, anaona kutoboa ukuta ni kazi, anatoboa fremu. Tundu hilo linaingiza maji, na mtengenezaji akiliona anafunga faili. Weka bomba la waya ukutani kabla mpangaji hajaingia, na kwenye mkataba wa pango andika kwamba fremu haitobolewi.

Mwalimu huyu wa Mbalizi anauliza: mvua inanyesha usiku, maji yanaingia, fundi yuko safarini, azibe mwenyewe? Usizibe, mwalimu. Ukiziba kwa silikoni yako au ukamwita fundi mwingine alifungue, aliyekuahidi atasema umeingilia kazi yake. Weka kitambaa na beseni, chukua simu, piga video mvua ikiwa inanyesha, umtumie kwa ujumbe wa maandishi usikuhuohuo ili tarehe ibaki. Na video ioneshe dirisha zima pamoja na ukuta wa juu yake mpaka darini, kwa sababu mara nyingi naitwa kwa maji ambayo yameanzia kwenye linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, au kwenye bati, yakafuata ukuta, yakatokezea dirishani, na hapo wa kuitwa ni aliyepaua.